Kidole Gumba cha Wifi

Wifi yangu ana kidole gumba kinachojulikana kuliko uso wake. Akikutana sokoni na mtoto aliyewahi kumfundisha, mtoto huangalia mkono kwanza ndipo asalimie. Ni kidole kifupi, kinene, chenye kovu jeupe karibu na kucha, alilolipata akikata mkate huku akisahihisha madaftari. Kila Ijumaa, kwa miaka minne sasa, kidole hicho kimeonekana ukutani kikiwa kikubwa kama mlango. Watoto wanamwita Mwalimu Kidole, naye anaitika. Mimi ni karani wa shule hiyohiyo, tena ni dada wa mume wake, kwa hiyo nina haki mara mbili ya kumsema.

Aliolewa na kaka yangu akiwa na sanduku moja la nguo na maboksi mawili mazito. Mama yetu alifungua boksi la kwanza akidhani ni vyombo, akakuta vitabu vya hesabu. Akafungua la pili kwa matumaini. Vitabu vya hesabu. Akafunga yote mawili, akasema, "Haya, tutakula namba." Tangu siku hiyo Wifi amefundisha hesabu darasa la sita, mwaka wa ishirini na tatu huu. Kaka anasema hana haja ya kumuuliza mkewe siku ilikwendaje. Anaangalia tu chaki iko wapi. Ikiwa kwenye sketi, siku ilikuwa nzuri. Ikiwa kwenye nywele, kaka anapika yeye.

Hapigi kelele kamwe. Katika familia yetu kelele napiga mimi.

Vifaa vililetwa na gari la ofisi ya elimu: kompyuta mpakato moja, projekta moja, spika mbili na mfuko wa nyaya. Mkuu wa shule alitia sahihi kwenye daftari la stoo, nami nikatia yangu chini yake. Yule aliyevileta alisema neno moja tu, "Vitunzwe," nami nikavitunza kweli. Nilivirudisha kwenye maboksi yake, nikavifungia ndani ya kabati la chuma ofisini kwangu, nikatandika juu kitambaa nilichofuma mwenyewe, chenye maua ya zambarau. Ufunguo niliuvaa shingoni. Kwa mihula mitatu vumbi halikuvigusa, wala mwalimu. Wageni walipokuja, Mkuu aliwaleta ofisini kwangu kuliona kabati, nao wakatusifu. Tulihesabiwa kuwa shule inayofundisha kwa teknolojia, na hakuna hata mmoja wetu aliyecheka.

Halafu Wifi akaja mlangoni, chaki kwenye sketi.

"Wifi, naomba ufunguo."

"Wa nini?"

"Wa kabati."

"Kabatini kuna vifaa vya shule."

"Na mimi ninafundisha shule gani?"

"Vikiharibika je?"

"Vikiharibika vitakuwa vimeharibikia kazini. Sasa hivi vinaozea kitandani, tena umevifunika shuka."

"Kile ni kitambaa," nilimwambia, maana kilinichukua wiki tatu kukifuma. "Halafu sahihi iliyoko kwenye daftari ni yangu, siyo yako. Projekta ikienda darasani, na mimi naenda."

"Njoo na kiti chako," akasema. "Nina watoto themanini na mmoja, sina pa kukukalisha."

Nakiri hapa, kwa sababu aliyenijua wakati ule ataniumbua nikificha: nilitaka ashindwe. Wifi ni mtu wa kufanikiwa bila kelele, na watu wa aina hiyo wanachosha.

Ijumaa ya kwanza karibu anipe nilichotaka. Tulivuta waya kutoka chumba cha walimu, tukaupitisha dirishani, projekta ikawaka, naye akaielekeza kwenye ubao kwa sababu ndipo mwalimu anapoelekezea kila kitu. Ubao ni mweusi. Ulimeza picha yote, tukabaki tunautazama kama watu waliosubiri mgeni asiyekuja. Jumapili yake alikuja shuleni na ndoo ya chokaa, akapaka nusu ya ukuta wa pembeni kwa mkono wake. Ijumaa ya pili picha ilionekana, lakini kwa shida, mpaka tulipofunga madirisha na kutundika magunia. Ndipo maandishi yakang'aa. Wifi alikuwa amechapa ukurasa mzima wa maelezo ili watoto wanakili, kama sisi sote tulivyonakili tangu tuanze shule. Akasema, "Andikeni."

Zikapita kama dakika mbili. Kisha msichana mmoja wa mbele, ambaye haijui ladha ya kunyamaza na ndiyo maana wenzake wanamwita Redio, akasema kwa sauti, "Mwalimu, ukuta nauona. Daftari langu ndilo silioni."

Ilikuwa kweli. Tukifungua madirisha, ukuta unafifia. Tukifunga, madaftari yanapotea. Nilikaa kwenye kiti changu nyuma kabisa, mikono kifuani, nikiwaza namna nitakavyomsimulia kaka jioni. Wifi aliutazama ukuta, akayatazama madaftari. Kisha akasema jambo ambalo sijawahi kulisikia kwa mwalimu yeyote, tangu nikiwa mwanafunzi mpaka leo.

"Basi wekeni kalamu chini. Hatuandiki. Tuongee."

Lakini waongee nini juu ya maelezo yaliyokwisha kukamilika? Jibu likishasomwa halina mjadala. Alizima ukurasa wake, akafikiri, akachukua daftari moja kutoka kwenye rundo alilokuwa amelisahihisha, akalipiga picha kwa simu, akaichomeka simu kwenye kompyuta. Ukutani likatokea swali la mtoto, limekosewa. Na pale juu, kwenye kona ya jina, kilikuwapo kidole gumba cha Wifi na kovu lake. Alikuwa amelifunika jina wakati wa kupiga picha.

"Huyu mwenzetu hajui kama yuko hapa," akasema. "Hatuulizi jina. Tunatafuta hatua moja tu: alipotoka njiani ni wapi?"

Darasa likalipuka. Nimekaa shule hii miaka kumi na saba na sikuwahi kusikia watoto wakigombania hesabu. Mmoja alisema kosa liko mstari wa tatu, mwingine akasema hapana, wa tatu umelia kwa sababu wa pili umeumia. Na kengele ilipolia hawakutoka. Mwisho wa mwezi mambo yalikuwa yamegeuka kabisa: mtoto akiliona swali lake ukutani, anamchoma mwenzake kiwiko na kunong'ona kwa majivuno, "Langu lile." Wifi akaweka bati tupu la biskuti mlangoni. Kila Alhamisi watoto walitumbukiza humo nusu karatasi yenye jibu la swali la wiki, naye akachagua moja. Akisha kuchagua, anafunika jina kwa kidole na kupiga picha.

Mimi nilikuwa nyuma, nikilinda projekta. Sasa niseme kwa nini ulinzi ule ulianza kuniuma.

Nilitaka kuwa mwalimu. Hesabu ndiyo iliyonizuia. Nilipokuwa na umri wa Redio, mwalimu wetu alilinyanyua daftari langu juu, akalisoma jina langu lote, la kwangu na la baba, kisha akalisoma jibu langu, na darasa likacheka mpaka wa darasa jirani wakachungulia. Kuanzia siku hiyo nikiona namba nilikuwa naona yale meno. Nilianguka mtihani mara mbili, nikajifunza kupiga chapa, nikawa karani, na barua zangu hazina doa. Lakini Ijumaa baada ya Ijumaa niliketi gizani nikikiangalia kile kidole, na siku moja nikajikuta nimeshika kalamu. Alhamisi iliyofuata, watoto walipokwenda mapumziko, nilipita mlangoni kama mtu mwenye safari yake na kutumbukiza batini nusu karatasi yangu. Sikuandika jina. Nikafanya hivyo wiki iliyofuata, na iliyofuata. Mtu mzima, nywele zinaanza mvi, naiba njia ya kufanya hesabu ya darasa la sita!

Muhula wa pili akaja Mkaguzi. Mtu mwembamba, shati limepigwa pasi hata kwenye kola, kalamu ya risasi nyuma ya sikio. Hakutaka kuona kabati. Alitaka madaftari. Akapekua la kwanza, la pili, la kumi, akasimama.

"Mwalimu, kila Ijumaa ukurasa ni mtupu."

"Ijumaa tunaongea," akasema Wifi.

"Kuongea hakukaguliki."

Akatoa barua aliyokuja nayo. Vifaa ambavyo havitumiki ipasavyo vilikuwa vinahamishwa, na shule ya upande wa pili wa mji, yenye ukumbi na pazia za kweli, ilikwisha kuomba vyetu. Angerudi baada ya wiki mbili, Ijumaa, aone somo kwa macho yake. Akiridhika, vitabaki. Asiporidhika, gari lingekuja Jumatatu.

Mkuu wetu ni mtu mwema, ila akiogopa anakuwa mkarimu wa ushauri. Alimwita Wifi ofisini kwangu, akafunga mlango.

"Mwalimu, tufanye kama shule zote. Chagua swali jepesi. Wafundishe majibu kuanzia leo, kila mtoto ajue zamu yake. Wiki mbili zinatosha. Na nakuomba sana, ukutani kusiwe na kosa. Mkaguzi hawezi kusafiri kote huku aje kuangalia makosa yetu."

"Mkuu, nikiwafundisha kuigiza, watajua kwamba siku nyingine zote nilikuwa nawadanganya."

"Na vikichukuliwa?"

Hapo Wifi alijifuta mikono kichwani. Nilimwona. "Vikichukuliwa," akasema, "nitanyamaza, maana sina la kufanya. Ila sitawafundisha kuficha."

Alipotoka nilimfuata koridoni. Sijui nilitaka kumgombeza au kumwomba. "Wifi, una kichwa kigumu! Fanya tu igizo lao siku moja, vifaa vibaki, kisha urudi kwenye makosa yako."

"Mficha uchi hazai, wifi yangu," akanijibu. Kisha akanitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko nilivyopenda, akaenda zake.

Ijumaa ikafika. Mkaguzi alikaa nyuma, jirani na kiti changu, pamoja na Mkuu aliyekuwa anatoka kijasho chembamba, na mwalimu mkuu wa ile shule yenye pazia, aliyekuja kama mtu anayekagua nyumba anayotarajia kuhamia. Magunia yakateremshwa. Projekta ikawaka.

Ukutani kilitokea kidole. Chini yake: robo tatu, gawanya kwa nusu. Mstari wa pili: nne juu ya tatu, mara nusu. Jibu: theluthi mbili.

Nikaitambua ile nne. Naiandika nne yangu na kichwa chake nikakifunga, inafanana na kiti kilichopinduliwa, na hakuna mtoto wa shule ile anayeandika hivyo. Karatasi ilikuwa yangu! Damu ilinipanda masikioni. Kati ya karatasi themanini na kitu, mbele ya Mkaguzi, mbele ya yule mwenye pazia, mwanamke huyu amechagua yangu. Nilimwita kimoyomoyo majina ambayo kaka yangu asingependa kuyasikia.

"Huyu mwenzetu hajui kama yuko hapa," Wifi akaanza.

Najua sana, nikasema moyoni.

Mkaguzi akasafisha koo. "Samahani, Mwalimu. Hapo ukutani pana kosa."

Vichwa themanini na kimoja vikageuka. Redio ndiye aliyemjibu, kwa upole wa mtu anayemwelekeza mgeni choo kilipo. "Tunajua, mzee. Tunatafuta lilipoanzia. Ukiliona, unyooshe mkono."

Mkuu akafumba macho. Mkaguzi akamtazama Redio, akatazama ukuta, akachomoa kalamu nyuma ya sikio, akaikunja fomu yake magotini na kuanza kuandika kitu.

Mvulana wa katikati alisema mwandishi amepindua namba ya kwanza badala ya pili. Mwenzake akamuuliza anajuaje ni ya pili inayopinduliwa, au ameambiwa tu? Mvulana akaketi. Yule wa pazia akatabasamu. Nilitamani kumkanyaga.

Kisha Redio akasimama. "Msipindue kwanza," akasema. "Tuangalie mkate. Nina robo tatu ya mkate. Nataka kuugawa nusunusu. Nitapata nusu ngapi?" Akaonyesha kwa mikono mkate usiokuwepo. "Nusu moja nzima, na kipande kinabaki. Kwa hiyo jibu lazima lizidi moja. Huyu amepata theluthi mbili, haifiki hata moja. Hata kabla ya kutafuta mstari, jibu lenyewe linapiga kelele."

"Kipande kinachobaki ni robo," akadakia mwingine. "Robo ni nusu ya nusu."

"Basi ni moja na nusu!"

"Ndiyo, sita juu ya nne ni moja na nusu. Ya pili ndiyo inapinduliwa!"

Nami, kwenye kiti changu, nikauona ule mkate. Miaka thelathini na mitano nimebeba sheria ya kupindua bila kujua inapindua nini, na mtoto wa miaka kumi na miwili amenikatia vipande viwili hewani nikaelewa. Sauti moja ya upole ikasema, huko gizani, "Huyu siyo mjinga. Alikuwa anajua kwamba kuna kupindua. Amekosea mlango tu, nyumba ni yenyewe." Nusura nilie mbele ya ofisi ya elimu.

Mkaguzi alinyoosha mkono. Kweli, aliunyoosha, kama alivyoelekezwa.

"Mwalimu, ningependa kujua hii ni kazi ya mwanafunzi gani."

"Hatuulizi jina," wakasema watoto kwa pamoja.

"Nauliza kwa sababu ya ripoti. Nahitaji kuona kama ni somo la kweli au limepangwa. Mwenye karatasi yupo humu?"

Wifi hakunitazama hata kidogo, na hapo ndipo nilipojua kwamba anajua. Aliangalia ukuta, kile kidole chake kilichofunika kona ya karatasi. Na mimi peke yangu, kati ya wote waliokuwemo mle ndani, nilijua chini ya kidole kile hakukuwa na jina lolote. Alifunika patupu, ili nisionekane kuwa mimi ndiye niliyeogopa kuandika jina.

Nikasimama. Kiti kiligonga ukuta.

"Ni yangu," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Nilisubiri kicheko kile cha zamani, nimekaza meno, hakikuja. Redio alinigeukia, uso wote umeng'aa kwa mwanga wa projekta, akasema, "Karani! Kumbe na wewe umo!" Wakapiga makofi, themanini na mmoja wote, wengine wakasimama juu ya madawati, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilisimama mbele ya hesabu niliyoikosea nikiwa nimejawa na fahari. Kwa wale watoto, ndiyo. Kwa nafsi yangu pia, sitasema uongo. Lakini zaidi kwa huyu mwanamke mrefu mwenye chaki kwenye sketi, aliyeingia nyumbani kwetu na maboksi mawili, na ambaye sikuwahi hata siku moja kumwambia kwamba ni mwalimu.

Wakati watoto wanafungua madirisha nilimvuta pembeni. "Ungeniambia."

"Ningekuambia ungekuja?"

"Na kwa nini leo? Kwa nini yangu?"

"Ningeweka ya mtoto mbele ya wageni, na vifaa vyote vinamtegemea yeye? Mtoto habebeshwi shule mgongoni." Akanipangusa kitu begani, nadhani ilikuwa chaki yake mwenyewe. "Wewe ni mtu mzima. Tena wifi yangu. Mabega unayo."

"Wewe ni mwalimu," nikamwambia. Ilitoka kwa ukali, kwa sababu ndivyo sauti yangu ilivyo, lakini alielewa.

Mkaguzi alikuja ofisini kwangu kugongewa mhuri. Mkuu alisimama mlangoni, hathubutu kuingia. Fomu iliwekwa mezani mbele yangu, nami nikasoma mstari wa mwisho kabla ya kitu kingine chochote: *Vifaa vibaki. Somo la Ijumaa lisibadilishwe.* Nikausoma tena, nikachukua mhuri.

Fomu haikusogea. Mkaguzi alikuwa ameishikilia kwenye kona ya juu kwa kidole gumba, amekibonyeza kwa nguvu mpaka kucha imekuwa nyeupe. Pembeni ya kidole ilichungulia hesabu fupi ya kalamu ya risasi, imekatwa kwa mstari, na mwisho wake niliuona vizuri: theluthi mbili.

Nikamtazama. Akanitazama.

Nikagonga mhuri mbali kidogo na kidole chake, nikamtakia safari njema.